UCHAMBUZI: Sheria za bangi huhesabu mashina, lakini mavuno huamuliwa na ukubwa wa chungu

KATIKA dawati la habari, idadi ndiyo hufika kwanza. Ripota akipiga simu kutoka kituo cha polisi, kabla hata hajataja jina la mtaa, atakueleza kwamba mimea kadha ya bangi imeng'olewa na mshukiwa yumo korokoroni. Nambari hiyo ndiyo itakayobebwa na kichwa cha habari, ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu na ndiyo itakayosalia katika kumbukumbu ya msomaji.

Miaka michache iliyopita nilipokea taarifa ya aina hiyo, iliyozungumzia "shamba la bangi" lenye mimea 14 ndani ya nyumba katika mtaa mmoja wa Nairobi. Kwa mazoea ya kazi yangu ya uhariri, nilimuuliza ripota swali lililomuudhi kidogo: mimea hiyo ilipandwa ndani ya nini? Alinyamaza, akaahidi kuuliza, na baada ya nusu saa akarejea na jibu. Ilipandwa katika mikebe mitupu ya rangi, ya lita nne nne, iliyopangwa kando ya dirisha. Neno "shamba" nililifuta papo hapo.

Swali hilo halikuwa la mzaha, na tangu wakati huo limezidi kunijia kila ninaposoma habari za mataifa yaliyolegeza sheria zao za bangi. Ujerumani imemruhusu mtu mzima mimea mitatu. Canada imeruhusu minne kwa kila nyumba, na Malta na Luxembourg zikafuata nambari iyo hiyo. Uruguay, iliyotangulia zote hizi mwaka wa 2013, iliruhusu sita. Wabunge wa nchi hizo walijadiliana usiku na mchana kuhusu idadi, wakapiga kura, na wakarudi makwao wakiamini kwamba wameweka mpaka.

Ukweli ni kwamba mmea mmoja si kipimo cha kitu chochote. Mmea wa bangi uliokulia katika kikombe na ule uliokulia katika ndoo ya lita 20 ni viumbe viwili tofauti kabisa, japo huenda mbegu zao zilitoka katika tumba moja. Sheria inayohesabu mashina bila kutazama chombo imeacha neno la mwisho liamuliwe na muuza vyungu.

Tuanze na Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko kasoro hii inakoonekana waziwazi zaidi. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya bangi mnamo Februari 23, 2024 kwa kura 407 dhidi ya 226, waziri wa Afya wakati huo, Karl Lauterbach, akiwa mtetezi wake mkuu. Ilianza kutumika Aprili mosi mwaka huo. Mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 anaruhusiwa kubeba gramu 25 hadharani, kuweka hadi gramu 50 za bangi iliyokaushwa nyumbani, na kukuza mimea mitatu kwa wakati mmoja. Akipatikana nyumbani na zaidi ya gramu 50 lakini zisizozidi 60, hilo ni kosa la kutozwa faini. Akivuka 60, ni jinai.

Sasa msomaji na achukue kalamu. Mimea mitatu ikivunwa pamoja, na mwenyewe akitaka kubaki ndani ya gramu 50, kila mmea unapaswa kumpa chini ya gramu 17 za maua makavu. Hicho ni kiasi kidogo mno. Mmea mmoja wenye afya, ulio chini ya taa ya kutosha na katika chungu cha lita 11 ambacho ni cha kawaida katika maduka ya bustani ya Ujerumani, unaweza kufikisha gramu 50 peke yake, na mara nyingi ukazipita. Kwa hivyo raia huyu aliyetii sheria miezi mitatu mizima, asizidishe hata mche mmoja, anaweza kuamka siku ya mavuno akiwa mhalifu. Sheria inamtaka aiharibu ziada. Ni wangapi wataichoma au kuitupa mbolea waliyoilea kwa mikono yao na kuilipia umeme? Sitaki kukisia.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba elimu ya kuepuka mtego huu ilikuwepo humo humo Ujerumani. Mwaka wa 2012, kundi la wanasayansi lililoongozwa na Hendrik Poorter wa kituo cha utafiti cha Jülich lilikusanya matokeo ya tafiti 65 zilizochunguza jinsi ukubwa wa chungu unavyoathiri mimea ya aina mbalimbali. Waligundua kwamba kila ujazo wa chungu unapoongezwa maradufu, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Walionya pia kwamba watafiti wengi wamekuwa wakitumia vyungu vidogo kupita kiasi na kuyapotosha matokeo yao bila kujua.

Ikumbukwe kwamba wastani huo ni wa mimea ya kila namna, si wa bangi pekee, na si wa maua bali wa mmea mzima. Hata hivyo, mwelekeo ni dhahiri. Toka chungu cha lita tatu hadi cha lita 24 ni kuzidisha maradufu mara tatu. Kwa hesabu ya Poorter, mmea utakuwa umekaribia kuongezeka uzito mara tatu, na shina litabaki kuwa moja. Polisi akigonga mlango atahesabu moja, mbili, tatu, kisha aage na kwenda zake.

Kwa nini chombo kiwe na mamlaka makubwa hivyo? Yeyote aliyewahi kupanda sukuma wiki katika roshani ya nyumba ya kupanga anaijua siri hii, hata kama hajawahi kuipa jina. Ukipanda katika mkopo mtupu wa mafuta ya kupikia, utapata jani la kukaanga mara moja kwa mwezi. Ukipanda sukuma iyo hiyo katika gunia lililojaa udongo na samadi, kama wafanyavyo akina mama wengi wa Kibera kandokando ya nyumba zao, utachuma kila wiki na jirani atapata. Mbegu ni moja na jua ni moja, kilichotofautiana ni nafasi ya mizizi tu.

Mizizi hutafuta vitu vitatu: maji, chakula na hewa. Katika chungu kidogo huufikia ukuta upesi, na ikishindwa kupenya huanza kuzunguka na kujisokota kama kamba ndani ya kikapu. Mmea huipata habari hiyo mapema kuliko mwenye mmea. Hupunguza kurefuka, majani ya chini hugeuka manjano, na udongo hukauka kwa kasi kiasi kwamba ukiunywesha asubuhi, jioni umelegea. Huko ndiko kudumaa.

Basi mtu atasema: kama kikubwa ndicho bora, si nianze moja kwa moja na ndoo ya lita 20? Hapa ndipo wengi huharibu. Mche mchanga katika chombo kikubwa mno ni kama mtoto aliyevikwa koti la babake. Mizizi michache iliyopo haiwezi kuyanywa maji yote yaliyomo. Udongo wa pembeni hubaki umelowa kwa siku nyingi, maji huifukuza hewa, mizizi huoza, na visubi wadogo weusi huanza kuzaana juu ya tope hilo. Mwenye mmea huona majani yamelegea, hudhani una kiu, huongeza maji na kuumaliza kabisa.

Ndiyo sababu wakuzaji wenye uzoefu huupandisha mmea ngazi kwa ngazi. Mbegu huanzia katika kikombe cha nusu lita hivi, chenye matundu chini. Mizizi ikishajaza kikombe, mche huhamishiwa katika chungu cha lita tatu au nne, na baadaye, kabla ya kuanza kuchanua, hupelekwa katika makao yake ya mwisho ya lita 11 au zaidi. Kuna aina moja isiyoupenda mwendo huu, nayo ni ile inayochanua kwa kufuata umri wake badala ya kufuata urefu wa usiku. Maisha ya aina hiyo ni mafupi, majuma kumi au 12 hivi tangu kuota hadi kuvunwa, na siku chache za kupona baada ya kuhamishwa ni hasara isiyolipika. Hiyo hupandwa tangu mwanzo katika chungu cha mwisho, aghalabu cha kati ya lita saba na 12, na hunyweshwa kwa uangalifu kulizunguka shina lake tu hadi mizizi itakapotawanyika.

Wakuzaji wa Amerika Kaskazini wana kanuni yao ya kukadiria: galoni mbili za Marekani, yaani karibu lita saba na nusu, kwa kila futi moja ya urefu unaoutarajia. Mmea wa futi nne kwa hiyo utahitaji lita 30. Kanuni hiyo ni ya kusaidia macho, wala si sayansi. Isitoshe, neno galoni lenyewe halitegemeki katika biashara ya vyungu, maana chungu kinachouzwa kwa jina la galoni moja katika vitalu vya huko aghalabu hubeba chini ya lita tatu, ilhali galoni halisi ya Marekani ni lita tatu na robo tatu. Mnunuzi asiyepima kwa lita atadanganyika, na mbunge asiyejua tofauti hiyo atadanganyika zaidi.

Ndani ya nyumba kuna mtawala mwingine wa pili, naye ni taa. Mmea hauwezi kula zaidi ya mwanga unaopewa. Katika hema dogo la sentimita 60 kwa 60 lenye taa hafifu, chungu cha lita 30 ni mzigo wa tope baridi usiokuwa na faida yoyote, na hata lita 11 zinaweza kuzidi. Zaidi ya hayo kuna uzito. Chungu cha lita 11 kikishanyweshwa hukaribia kilo kumi, na lazima kiwe na matundu chini na sahani ya kupokea maji. Kwa mpangaji wa ghorofa ya tano jijini Berlin, doa la maji juu ya dari ya jirani wa chini ni tishio la karibu kuliko mwendesha mashtaka.

Kuna pia vyungu vya kitambaa, vilivyopata umaarufu mkubwa miaka ya karibuni. Mzizi ukifika kwenye kitambaa hukutana na hewa, ncha yake hukauka, na mizizi mipya huchipuka nyuma yake badala ya kuzunguka. Kwa njia hiyo lita chache hufanya kazi kubwa kuliko lita hizo hizo ndani ya plastiki. Gharama yake ni kwamba udongo hukauka upesi na mwenye mmea hapati likizo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu jibu la swali linaloonekana kuwa la mtunza bustani, yaani chungu kipi kinafaa, kwa Mjerumani wa leo limegeuka kuwa swali la kisheria. Wauzaji watamwambia kikubwa ndicho bora, nao wanajua wanachokiuza. Akiwa anataka kukaa ndani ya gramu 50, chungu kinachomfaa ni kile cha wastani, lita saba au hata chini yake, tena asipande yote mitatu siku moja. Mmoja uwe unachanua, wa pili unakua, wa tatu ndio kwanza umetoka kwenye kikombe. Hivyo mavuno yatakuja kwa zamu, na ghala la nyumbani litakuwa limepungua kabla ya mzigo mwingine kuingia. Sheria haikumwambia hayo. Imempa nambari mbili, tatu na 50, ambazo hazisemezani.

Wajerumani si wa kwanza kujikwaa hapa. Canada ilipokuwa ikijiandaa kuhalalisha bangi, jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba kila nyumba iruhusiwe mimea minne isiyozidi urefu wa sentimita 100. Kikomo hicho kiliingizwa katika mswada wa 2017. Ilikuwa hatua ya busara kwa kiasi fulani, kwani walau kuna aliyetambua kwamba mimea hailingani. Hata hivyo, kamati ya afya ya bunge ilipouchunguza mswada huo mnamo Oktoba 2017, iliufuta urefu na kuiacha idadi peke yake.

Kamati hiyo ilikuwa na hoja. Mmea hurefuka usiku mwenyewe akiwa amelala, na haiingii akilini kwamba mtu awe raia mwema saa nne usiku na mhalifu alfajiri kwa sababu ya sentimita mbili. Tena nani angetumwa kupita nyumba kwa nyumba na rula? Lakini hata kama polisi wangepewa rula, wasingepata kitu. Shina la bangi hukunjwa na kufungwa kwa uzi likiwa bado laini, matawi yakatanda kando kama mwavuli, na chungu kikubwa chini yake kikaendelea kuyalisha. Mmea wa sentimita 90 unaweza kumpita kwa mavuno jirani yake wa mita moja na nusu. Sheria ya Canada ilianza kutekelezwa Oktoba 17, 2018 ikiwa na mimea minne ya ukubwa wowote. Jimbo la Quebec lilikataa hata huo mmoja, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaliunga mkono mwaka wa 2023.

Uingereza, ambako kukuza bangi nyumbani bado ni hatia, inatupa ushahidi wa namna nyingine. Majaji wa Uingereza na Wales hutoa adhabu kwa kufuata mwongozo unaoyagawa makosa katika madaraja. Katika mwongozo ulioanza kutumika mwaka wa 2012, mimea 28 ilikuwa alama ya daraja la tatu na mimea tisa ilikuwa alama ya daraja la nne, kwa makadirio kwamba kila mmoja hutoa gramu 40. Mwongozo huo ulipoandikwa upya na kuanza kutumika mwaka wa 2021, makadirio yalipanda hadi gramu 55, na idadi zikashuka hadi mimea 20 na saba.

Zidisha mwenyewe. Mimea 28 kwa gramu 40 ni gramu 1,120, na mimea 20 kwa gramu 55 ni gramu 1,100. Uzito uliomtisha jaji ni ule ule, bali mmea ndio uliobadilika. Katika muda usiofika miaka kumi, taa, mbegu na vyungu vilikuwa vimeifanya nambari ya zamani ipitwe na wakati, na Waingereza walikuwa na ujasiri wa kukiri hivyo katika maandishi. Lakini hata gramu 55 ni za kubuniwa. Aliyepanda saba katika mikebe na aliyepanda saba katika mapipa husimama kizimbani wakiwa sawa, labda wakili wa yule wa kwanza awe mtu wa kuuliza maswali.

Waholanzi wameusogelea ukweli zaidi. Waendesha mashtaka wao, wanapotaka kukadiria faida aliyoipata mkuzaji wa siri ili wamnyang'anye, huangalia kwanza mimea mingapi ilisongamana katika mita moja ya mraba. Panapokuwa na mimea 15 katika eneo hilo, hukadiria takriban gramu 28 kwa kila mmoja. Inaposongamana zaidi, kila mmoja huhesabiwa kidogo zaidi. Mantiki yake ni ile ile ya chungu: nafasi ni moja, ukiongeza midomo kila mdomo hupata tonge dogo. Nako California, leseni za wakuzaji wa kibiashara hupangwa kwa ukubwa wa eneo linalofunikwa na mimea, pasi na kujali mashina ni mangapi. Jambo la ajabu ni kwamba jimbo hilo hilo humpa mwananchi nyumbani kwake mimea sita, bila kumuuliza imefunika eneo gani. Mfanyabiashara hupimwa kwa mita, mwananchi kwa vidole.

Uruguay ilijaribu kufunga milango yote miwili, kwa kuweka mimea sita inayochanua na gramu 480 kwa mwaka. Naiona kuwa afadhali kuliko ya Ujerumani, kwa kuwa mwaka mzima humpa mtu nafasi ya kupanga. Sita zikigawanywa, ni gramu 80 kwa kila mmea ikiwa atavuna mara moja. Nambari hizo mbili angalau zinafahamiana.

Yatuhusu nini sisi? Kwetu Kenya, kukuza bangi ni hatia, liwe shina moja au ekari nzima, na makala haya hayamshauri mtu yeyote kulijaribu jambo hilo. Madhara yake kwa akili za vijana yanajulikana, na wazazi wanayajua kuliko wanasiasa. Lakini mjadala wa kulegeza sheria umebisha hodi mara kadhaa. Mwaka wa 2017 Gwada Ogot aliwasilisha ombi katika Seneti. Mwaka wa 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akitaka kuandaliwa mswada. Mwaka wa 2021 jamii ya Marastafari ilikwenda katika Mahakama Kuu ikitaka waumini wake waruhusiwe kuitumia majumbani kwa ibada. Mwaka wa 2022 Profesa George Wajackoyah aliifanya bangi kuwa wimbo wa kampeni yake ya urais, akapata chini ya asilimia moja ya kura lakini akasikilizwa na umma mkubwa kuliko kura zake.

Afrika Kusini imeshavuka kizingiti hicho. Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 18, 2018 kwamba mtu mzima ana haki ya kuikuza na kuitumia faraghani. Majaji waliepuka kutaja idadi na kuliachia Bunge kazi hiyo. Bunge nalo, katika sheria iliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa mnamo Mei 28, 2024, likaziachia kanuni za waziri. Baadhi ya watu waliliona hilo kuwa ni kukwepa. Mimi naona walikuwa wameuhisi ugumu ninaouzungumzia.

Iwapo siku moja mswada wa namna hiyo utafika katika Bunge letu, nachelea kwamba mwandishi wake atafungua sheria ya Ujerumani au Canada na kuinakili nambari. Atakosea mara mbili. Kwanza, nambari za Ulaya zimefikiriwa kwa nyumba zenye taa, hema na chungu cha lita 11. Hapa mwanga ni wa bure na gunia lina nafasi ya kumeza ndoo kadhaa. Pili, mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Aina nyingi za Ulaya huanza kuchanua usiku unaporefuka hadi kufikia saa kama hizo, kwa hiyo zikipandwa nje hapa huharakisha kuchanua zikiwa bado fupi. Aina zilizozoea ukanda wa ikweta huchukua miezi mingi na kurefuka kumpita mtu. Mimea mitatu ya aina ya kwanza katika mikebe na mitatu ya aina ya pili katika magunia inaweza kutofautiana kama kikombe na pipa, na yote ikaitwa mitatu.

Na hata sheria tuliyo nayo haijaepukana na swali la chungu. Sheria ya Mihadarati ya 1994 iliweka kwa mkuzaji faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea sokoni, ikitegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichozidi miaka 20, au adhabu zote mbili. Thamani ya mmea! Hiyo hupatikanaje? Kila wiki maafisa hutuletea taarifa za bangi "ya thamani ya mamilioni", nasi huzichapisha, na ni nadra kuona hesabu iliyozaa mamilioni hayo. Shina lenye kimo cha kiganja katika mkebe halina thamani ya shina lililojaza gunia. Bangi mbichi ikikaushwa hupoteza robo tatu ya uzito wake au zaidi, na mizizi, shina na majani makubwa hayana mnunuzi. Anayekadiria kwa kuhesabu mashina na kuyazidisha kwa bei ya msokoto amekadiria ndoto, na mbele ya hakimu ndoto hiyo inaweza kugeuka faini halisi.

Kwa maoni yangu, mwandishi wa sheria anayetaka kuwa mkweli ana njia mbili. Anaweza kupima eneo: mita moja ya mraba kwa mtu mzima, apande humo mimea mingapi atakavyo, kwani mwanga na nafasi vitamdhibiti. Au aache idadi ibaki, kwa kuwa polisi huijua kuhesabu, ila aweke juu yake ujazo wa jumla wa udongo, tuseme lita 30 kwa nyumba. Anayetaka mmea mmoja mkubwa atautumia ujazo wote hapo, anayetaka mitatu ataugawa. Chungu hakirefuki usiku. Lita zake zimeandikwa chini au hupimika kwa ndoo ya maji, na polisi hahitaji mizani wala maabara. Njia zote mbili zina kasoro, na ya pili itawafurahisha wauzaji wa vyungu vya kitambaa kupita kiasi. Lakini kila moja inapima kitu kinachohusiana na mavuno.

Nchini Ujerumani, muungano ulioingia madarakani mwaka wa 2025 uliafikiana kuitathmini sheria hiyo upya. Wapinzani wake wanazungumzia vijana, afya na magenge, watetezi wake wanazungumzia uhuru na mzigo uliowaondokea polisi. Katika niliyoyasoma ya pande hizo mbili, sijaona mahali palipotajwa lita.

Yule ripota wa mimea 14 siku hizi yuko katika gazeti jingine. Nasikia mpaka leo huuliza mikebe ilikuwa ya lita ngapi, na maafisa humtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.